Makofi ya Masaki

Walisema sitaweza. Waliosema bado wapo, wanakunywa kahawa palepale Maili Moja, Kibaha, na baadhi yao siku hizi hunipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara kana kwamba tulianza safari pamoja. Mmoja wao ni mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu. Alisema mbele ya watu: "Huyu kakaa Afrika Kusini miaka minane anajifunza kubonyeza vitufe. Ngoma ya akina mama wa Masaki haishikwi na vitufe."

"Walishakuja wazungu na kamera," jirani yake akaongeza. "Wakaondoka na picha za mbuzi."

Masaki waliyoisema ni hii yetu ya Kisarawe, ya mihogo, mikorosho na mkaa, siyo ile ya mabalozi. Watu walicheka. Mimi nililipa kahawa yangu nikaondoka, kwa sababu mtu akinidharau huwa simjibu siku ileile.

Niliondoka Kibaha sina cheti cha maana. Huko nilikoenda niliosha magari, nikabeba mbao, nikajilipia ada mwenyewe mpaka nikapata Diploma ya uhandisi wa sauti. Hakuna aliyenichangia hata nauli. Naliandika hili wazi kwa kuwa wale wa kusema "tulimsomesha sisi" wameanza kujitokeza.

Nilichokopa nilikopa baada ya kurudi, na nilikopa vitu. Fedha zangu ziliishia kwenye kompyuta, spika mbili na mabati ya chumba. Kwa hiyo dada yangu aliniazima magodoro matatu, nikayasimamisha ukutani yameze mwangwi. Fundi wa kuchomelea aliyepakana nami aliniazima genereta na waya mrefu. Ustaadhi wa madrasa ya mtaani aliniazima maiki zake mbili za mihadhara, kwa sharti kwamba zisiimbiwe matusi.

"Ustaadhi, kwangu hakuna matusi," nilimwambia.

"Najua huyaiti wewe," alisema. "Huja yenyewe."

Nilipofungua studio, vijana walimiminika, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku kila anayeimba. Sitaki kuficha: nina pua ya kunusa feki. Nimeona marasta ambao nywele zao zimenunuliwa dukani, karatasi ya bei bado ipo. Nimeona kikundi cha "ngoma za asili" kimevaa vitambaa vya madoa ya chui vilivyochapwa kiwandani, wakati bibi zetu walicheza na kanga zao na chui walimkimbia. Kijana mmoja alikuja kurekodi singeli, kofia imefika kwenye nyusi, anatembea kama goti limeteguka.

"Kwenu wapi?" nikamuuliza.

"Uswazi, braza. Nimekulia vumbini."

"Uswazi ya wapi?"

"Pande za Tumbi huko."

"Mzee anafanya nini?"

Akashusha sauti. "Ofisa mipango."

"Na hii njaa unayoiimba, ni nani aliyekunyima chakula? Mama?"

Wenzake walianguka kwa kicheko. Sisemi mtoto wa ofisa asiimbe. Aimbe nyumba ya ofisa, humo nako kuna mambo mengi. Ila kuazima njaa ya jirani, ukaivaa Jumamosi na kuivua Jumatatu, hapo mimi nakushuku.

Ninawashuku pia wanaosifu vya zamani. Mchiriku ulipokuwa wa vijana, wenye kinanda kidogo cha betri kilichounganishwa na spika za tarumbeta, watu wazima hawahawa waliuita uhuni na kuwaita mgambo. Leo vijana wale wana mvi, na muziki wao unaitwa urithi. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba wenyewe hawana tena nguvu ya kumsumbua mtu.

Katika kusema hivyo kila siku ndipo nikajifunga mwenyewe. Nilitangaza palepale kwenye kahawa kwamba nitairekodi ngoma ya akina mama wa Masaki, yenyewe hasa, na kwamba watu wazima wanaoijua wakisikiliza wakasema siyo, nitauza mashine na kufunga studio. Mjomba aliwaita mashahidi. Siku hiyo niliongea kwa kiburi, lakini nilimaanisha.

Kiongozi wa ngoma hiyo ni bibi mmoja ambaye pia ni kungwi, mwenye kuwafunda wari, wasichana wanaowekwa ndani. Nilimkuta uani anamenya mihogo na wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe? Unavuta maneno kama una jipu mdomoni."

Nikamweleza kuwa mama ni wa Mlandizi na baba alikuwa Mnyamwezi, alikuja kutafuta kazi akabaki.

"Aa, mtani!" akapiga kelele. "Baba yako nilimzika mimi. Hakuacha hata shuka, tulimfunga na gunia." Ulikuwa utani wa kabila na kabila; hakuwahi kumwona baba yangu maishani mwake. Akina mama walipiga vigelegele.

"Nimekuja kuomba niirekodi ngoma yenu, bibi."

"Uipeleke wapi?"

"Popote."

"Mimi sina ndugu huko Popote." Akaendelea kumenya.  "Tutakuja. Lakini ukishaitia humo, sisi ndio tusikie kwanza."

Walikuja Kibaha Jumamosi moja ya masika, akina mama wanane na wapigaji watatu, ngoma zimefunikwa turubai. Mpigaji mkubwa aliingia, akaangalia magodoro ya dada, akauliza, "Moto uko wapi?"

"Hapa hatuwashi moto. Kuna mashine."

Akaketi nyuma ya ngoma yake. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, ngoma zikaanza kutoa sauti kama mtu anapiga mto wa kulalia. Wa tatu nikausimamisha, nikamvuta yule mpigaji pembeni. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba nahujumiwa, na hata nikajiuliza kama mjomba wangu alishafika Masaki kabla yangu.

"Mnanibania," nikamwambia. "Ile yenyewe mmeiacha nyumbani."

Akagonga ngozi kwa kidole. "Isikilize. Imelala kwa unyevu. Niiamshe na nini, na diploma yako?"

Walipoondoka nilikaa nikasikiliza kazi yote, tena na tena, na masikio yangu, ambayo niliyalipia ada, yakaniambia mzee yule ni mkweli. Ngozi ilikuwa ikilegea kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza. Kosa lilikuwa chumba changu.

Wiki iliyofuata nilipakia kila kitu kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikaenda Masaki. Genereta ya fundi niliiweka mbali nyuma ya choo, waya ukavuka uwanja. Waliwasha moto wa makumbi ya nazi. Ngoma zikaelekezwa kwenye moto, wapigaji wakawa wanazigonga na kusikiliza mpaka sauti ikapanda, ndipo zikapigwa. Zikilegea zinarudishwa motoni. Muda wote zikiwa motoni akina mama hawakukaa kimya: waliendelea kwa makofi matupu, mmoja anaanza, wengine wanapokea. Mimi niliuhesabu muda huo kuwa mapumziko. Nilikunywa chai. Mashine niliiacha ikivuta sauti kwa sababu tu niliogopa kuizima.

Nyumbani Kibaha nilikata mapumziko yote, nikaunganisha ngoma na ngoma, ikawa kitu kimoja kinachokwenda mbio bila kupumua. Nilijisifu. Nikarudi Masaki na spika, watu wakakaa, ikapigwa mpaka mwisho. Bibi alikuwa amekunja mikono.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, bibi."

"Sisi tuko wapi?"

"Mmo humo. Mnaitikia."

"Huko tunawaitikia wanaume. Wakienda kuota moto na ngoma zao, hapo ndipo tunaposema yetu, mchana kutwa tunasubiri hapo. Wewe mtani umetutoa sisi, ukawaacha waota moto."

Akina mama hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mimi niliyemhukumu mtoto wa ofisa mipango nilikuwa nimetengeneza feki kwa mikono yangu, tena kwa ustadi, kwa sababu ufundi wangu ulikuwa umenifundisha kwamba muziki ni pale panapopigwa kwa nguvu. Kwamba muziki uko pia pale ngoma zinaponyamaza, somo hilo sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote. Nililifundishwa na mwanamke mwenye maganda ya mihogo miguuni, na sioni aibu kulisema.

Nikarudi kwenye mashine nikarudisha kila nilichokata. Humo katikati nikakuta kitu ambacho sikukisikia nikinywa chai. Bikizee mmoja, sauti imekwaruza, alianzisha wimbo mfupi. Wenzake walisita kidogo, halafu wakampokea kwa chini sana, makofi ya ncha za vidole tu. Dakika mbili hazikutimia. Nimerekodi kwaya, kaswida, singeli na matangazo ya mnada, lakini sauti bora kuliko ile sijaipata.

Nilipaswa kuwapelekea wenyewe kwanza. Sikuweza kusubiri. Nilikwenda nayo kwenye kahawa nikaiwasha. Ilipofika pale, mjomba alishusha kikombe.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo nimeisikia mara moja nikiwa mdogo, nyuma ya ukuta wa udongo. Nilifukuzwa kwa fimbo."

Nilichukua neno "ndiyo" nikaondoka nalo kama kombe. Yaliyofuata sikuyatilia maanani.

Habari zikasambaa, kazi zikaja. Maharusi, kwaya, wanasiasa wenye nyimbo zao. Akaja pia mtu wa mjini, miwani myeusi hata chumbani, bangili za makabila yote mkono mmoja. Alitaka zile dakika mbili peke yake, azitie chini ya muziki wa kuchezea disko. "Ni roho ya Afrika, kaka," alisema. Mtu anayesema hivyo akiwa ameishika simu yake mimi humuogopa. Nilimwambia asubiri. Ukweli ni kwamba dau lake lilikuwa kubwa, nami nilikuwa nimeanza kulipenda.

Ndipo ikafika siku ya kurudisha vya watu. Nilikuwa nimenunua sponji za ukutani, maiki zangu na genereta yangu, kwa jasho langu. Nilipakia kirikuu asubuhi. Dada aliyanusa magodoro: "Yananuka jasho la singeli." Hata hivyo aliyapokea, nikamwongezea la nne, jipya. Fundi aliwasha genereta yake, akaisikiliza kama daktari, akatikisa kichwa kukubali. Ustaadhi aliziangalia maiki pande zote.

"Zimeimbiwa matusi?"

"Mara mbili, Ustaadhi. Bahati mbaya."

"Nilihesabu tatu. Sauti inafika hapa."

Wa mwisho alikuwa bibi wa Masaki. Nilimpelekea kanga za kikundi kizima, flashi yenye ngoma yao nzima, nikabeba na kompyuta yangu ili wasikilize. Waliisikiliza tangu mwanzo. Ulipofika ule wimbo wa vidole, bikizee mwenye sauti ya kukwaruza alijifunika uso kwa upande wa kanga.

"Huo hatukukupa," bibi alisema. "Huo ni wa ndani, wa wari. Ulimtoka mwenzetu, alisahau kama kuna chombo. Tangu tuliposikia unapigwa kahawani hajala vizuri. Nirudishie."

Pua yangu ikaamka. Nikawaza, labda yule wa bangili kashapita hapa, sasa wanataka kuuza wenyewe. Nikamuuliza waziwazi.

"Alipita," bibi akasema. "Tulimpa muhogo, akala, akaenda zake."

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo, kazi ninayoiweza kuliko wengi. Haukuwemo. Niliwaza mashine zangu nilizoahidi kuziuza, niliwaza dau la mtu wa mjini, niliwaza pia kwamba hakuna mtu Kibaha nzima atakayeamini nilikuwa na kitu kile. Kisha nikaukata mle kwenye ngoma yao, kwenye kompyuta na kwenye flashi, bibi amesimama begani kwangu.

"Na kwenye pipa?"

"Pipa gani, bibi?"

"Nimeambiwa lipo. Mnatupa humo, halafu mnaokota."

Nikalimwaga pipa la kompyuta, akiangalia.

"Na hiyo ya mfukoni?"

Nikaufuta kwenye simu. Palepale nikampigia mtu wa mjini, nikaweka sauti ya nje, nikamwambia kazi ile haipo. Alinitukana kwa Kiingereza mpaka nikakata.

"Umekwenda?" bikizee aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Umekwenda, bibi. Haupo popote."

Akashusha kanga usoni, akaomba asogezewe mihogo. Mimi nikageuza kirikuu tupu kuelekea Kibaha. Sidaiwi godoro, sidaiwi waya, sidaiwi wimbo, na atakayesema kinyume aje na mashahidi.