Placidia, mkulima wa migomba anayesimamisha matoroli Kaisho

Kumepambazuka Kaisho, lakini jua bado halijauvuka mgongo wa kilima. Ukungu umejaa bondeni na kuifunika migomba. Kutoka huku juu, kwenye mdomo wa mgodi, zinasikika sauti za wanawake wanaoosha madini kijitoni, ila wenyewe hawaonekani.

Placidia Aristides amevaa sweta la mumewe juu ya kitenge, na miguuni ana buti za mpira. Anaegemeza jembe kwenye kibanda cha mabati, anafuta kioo cha taa kwa upindo wa kitenge, kisha anainama kuzitazama reli mbili nyembamba zinazoteremka na kupotelea nyuma ya jabali.

Taa inawaka kijani. Nyuma yake linasubiri toroli lililojaa mawe yenye madini ya bati.

"Shikamoo mama," anasema Polikarpi, kijana mpana wa mabega aliyeshika breki ya toroli.

"Marahaba. Mmeamkaje huko kwenu?"

"Salama. Tupite?"

Placidia anatega sikio upande wa bondeni, anabonyeza swichi ya kuwafungia walio chini wasipandishe toroli tupu, ndipo anapoitikia kwa kichwa.

"Piteni. Pale konani mshike breki mapema."

Magurudumu yanaanza kulia. Toroli likikanyaga tu mwanzo wa reli, taa inageuka nyekundu, nayo itabaki hivyo mpaka mzigo ufike kwa waoshaji. Placidia anavuta kigoda na kukaa. Kwa muda huo, njia yote ni yake.

Wilayani Kyerwa, iliko Kaisho, hakuna treni. Anayetaka kuisikia honi yake hana budi kuvuka Ziwa Victoria. Hata hivyo, kwenye kilima hiki taa zinaongozwa kwa namna ileile inayotumika kuongoza treni, na anayezisimamia ni mama wa miaka hamsini na saba ambaye hadi juzi juzi alijulikana kwa mikungu yake mikubwa ya ndizi na kwa kutopenda maneno mengi.

Aliyeziweka ni mumewe, Aristides, fundi wa ishara za reli aliyestaafu. Aliajiriwa akiwa kijana, wakiwa na mtoto mmoja mchanga, na kazi ikamchukua kituo hadi kituo: Dodoma, Manyoni, Tabora. Nyumbani alikuja Krismasi, na si kila Krismasi.

Placidia alibaki na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, akalea watoto watatu, Joyness na wadogo zake wawili, hadi wakajitegemea.

"Watu walikuwa wananiuliza mume wako anafanya kazi gani, nawaambia anatazama taa," anasimulia. "Wanacheka. Na mimi ndani ya moyo nilikuwa naona wana haki ya kucheka. Ilinishinda kuelewa mtu anaachaje nyumba mwaka mzima kwenda kutazama taa."

Aristides alipostaafu na kurudi na masanduku yake, mambo hayakuwa mepesi kama walivyodhani. Wawili hao walikuwa wamezoeana kwa simu. Mtu mzima anayekohoa chumba cha pili, anayeuliza chumvi iko wapi, ni jambo jingine kabisa.

"Alikuwa mgeni ambaye haondoki," anasema Placidia, na mumewe, aliyekaa kando akimenya ndizi za mchana, anacheka hadi kisu kinamtoka mkononi.

Aristides alijaribu kusaidia shambani. Alipanda machipukizi ya migomba kwa kamba, mstari umenyooka kama reli, lakini akayapanda mahali ambapo maji hutuama. Yote yalioza. Mkewe hakumlaumu. Aliyang'oa siku ambayo mwenzake alikuwa amekwenda kanisani, ili asione.

Kilichowakutanisha upya ni kijiko.

Jioni moja ya mvua, Placidia alimwuliza swali alilokaa nalo miaka yote: taa inajuaje kuwa treni ipo, ilhali haina macho? Aristides alileta betri ya tochi, kitaa kidogo na nyaya mbili zilizochunwa, akazilaza sambamba juu ya meza ya jikoni. Umeme ukaenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kitaa kikawaka. Kisha akachukua kijiko cha chai, akakilaza kikatize nyaya zote mbili. Kitaa kikazimika.

"Kijiko ndiyo treni," akamwambia. "Umeme umepata njia ya mkato, hauhangaiki tena kufika kwenye taa. Kule relini umeme ukikosa kufika, kuna kifaa kinaangusha mkono wake, na taa nyekundu inawaka. Na siyo kwa treni tu. Waya wa betri ukichomoka, reli ikikatika, nyekundu. Chochote kikiharibika, inasema simama."

Placidia alikiweka na kukiondoa kijiko mara nyingi, mpaka ndizi zikaungua jikoni.

"Siku hiyo nilielewa alikokuwa," anasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote ile. Nilijisikia kama mtu aliyefika kumtembelea."

Mwaka uliofuata ilitokea ajali mgodini. Kikundi cha wachimbaji wadogo, kinachoongozwa na Sibomana, kilikuwa kimetandika reli kuukuu kutoka mdomo wa mgodi hadi kijitoni, njia moja tu ya kupanda na kushuka. Katikati ipo kona inayozunguka jabali, na aliye upande huu hamwoni aliye upande ule. Walikuwa wakipeana ishara kwa mluzi. Siku yenye upepo mluzi haukusikika. Toroli lililojaa lilikutana konani na toroli tupu lililokuwa likisukumwa juu, na Cassian, mdogo wake Sibomana, akapondwa mguu.

Alipona, lakini mguu haukurudi kama zamani. Siku hizi hunoa patasi za wenzake karibu na kibanda cha taa, gongo lake limelazwa pembeni.

Sibomana alikwenda nyumbani kwa Aristides mwenyewe. "Nilimwambia, baba, tumesikia ulikuwa unazuia treni zisigongane. Sisi tuna matoroli mawili tu. Je, yanaweza kukushinda?"

Hayakumshinda, ingawa yalimhangaisha. Betri na kibao cha sola zilinunuliwa na kikundi. Nyaya za kuunganisha vipande vya reli alizifunga Aristides kwa mikono yake, akipiga magoti kwenye kifusi, na Placidia akimshikia koleo. Kiangazi chote taa zilifanya kazi kama zilivyotakiwa.

Masika yalipoingia, zikakataa. Taa ikawaka nyekundu asubuhi, mchana na jioni, toroli lipo au halipo. Wachimbaji walisubiri siku ya kwanza. Siku ya pili walinung'unika. Siku ya tatu mmoja wao aliivisha taa gunia, na matoroli yakarudi kupita kwa mluzi.

Hilo la gunia lilimuuma Aristides kuliko kitu chochote. Taa inayodanganya, anasema, ni mbaya kuliko giza, kwa sababu inawafundisha watu kuipuuza. Alikagua nyaya zake moja moja na kukuta ni nzima. Akarudi nyumbani, akakaa bila kula.

Asubuhi Placidia alichukua jembe akapanda kilimani peke yake, akaifuata njia yote kwa miguu. Alipofika chini ya kona alisimama. Maji yalikuwa yametuama katikati ya reli, mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yamezama kwenye tope jekundu hadi juu.

"Nilimwambia Baba Joyness, mimi sijui umeme," anasema. "Lakini maji yakikaa hivi shambani kwangu mgomba unaoza. Umeme wako hauozi hapo?"

Aristides akaanza kutabasamu. Umeme ulikuwa ukivuja kwa tope kutoka reli hadi reli, kama vile kijiko kimelazwa hapo siku nzima. Kule alikofanya kazi, reli zililazwa juu ya kokoto nene zinazopitisha maji, na wa kuzitunza walikuwa watu wengine. Hakuwahi kulazimika kuwaza jambo hilo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Placidia. Aliwaita wanawake wa kijitoni, mbele yao akiwa Dafroza, mke wa Polikarpi, akawaonyesha pa kuchimba mitaro, jinsi ya kuilaza ifuate mteremko bila kuchimbika. Walisomba kokoto kwa vichwa. Kulipokucha baada ya mvua kubwa, taa ilikuwa kijani, na Sibomana akalivua gunia kwa mkono wake.

Papo hapo kikundi kiliamua kuwa swichi ikae kwa Placidia. Wanamlipa shilingi elfu sita kwa siku, na anapomaliza zamu bado kibanja kinamsubiri. Kazi yenyewe anasema si ngumu, ila haikubali mtu mwenye haraka.

Ugumu wake ulionekana Novemba iliyopita.

Aristides alikuwa amekwenda Kanoni, Karagwe, kwenye mazishi ya shemeji yake. Mvua ilinyesha usiku kucha. Placidia alipofika kibandani asubuhi, toroli limeshajazwa, taa ilikuwa nyekundu, na njiani hapakuwa na kitu.

Polikarpi alisubiri kidogo, kisha akavuta pumzi. "Mama, hii ni ile ya masika. Reli imelowa."

"Mitaro nilifukua juzi. Maji hayajatuama."

"Basi ni waya. Mzee akirudi ataushughulikia. Tutashuka pole pole."

"Hapana."

Wengine wakatoka mgodini kuona kinachochelewesha. Sibomana naye akaja. Gari la kuchukua madini lilikuwa linakuja siku hiyo, na kila mtu alilijua hilo. Sibomana aliongea kwa heshima, waitu mama, tunakuomba, lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye toroli.

Placidia anakiri hakuwa na uhakika. Moyoni aliona huenda kweli ni waya. Aliwaza aibu ya kurudi nyumbani na kusikia amewachelewesha watu bure, na gunia kurudishwa juu ya taa ya mumewe. Aliwaza pia kumpigia Aristides simu, akaona si vizuri kumtoa mtu makaburini.

Akafanya jambo moja tu lililomjia. Alikwenda mbele ya toroli, akakaa juu ya reli, akalilaza jembe mapajani.

"Mkitaka kupita, nibebeni kwanza," akasema. "Au mmoja wenu ashuke kwa miguu aitazame njia. Akirudi akasema ni nzima, nitaondoka hapa na swichi nitawaachia."

Hakuna aliyethubutu kumgusa mama wa umri ule. Polikarpi alitupa glovu zake chini, akashuka akinung'unika.

Alikawia. Aliporudi alikuwa anatembea taratibu, hatazami mtu. Alifika akakaa kwenye reli kando ya Placidia, akaishika mikono ya mama huyo yote miwili, akaeleza alichokiona.

Mvua ilikuwa imekula ukingo chini ya kona. Udongo wote ulikuwa umeporomoka, reli moja ikaning'inia hewani na kuachana na mwenzake kwenye kiungo. Toroli lingefika pale kwa kasi yake ya kushuka lingetoka njiani na kuporomoka moja kwa moja hadi kijitoni.

"Kabla sijapaona palipoporomoka nilisikia kicheko," anasema Polikarpi. "Dafroza ana kicheko chake, ukikisikia hata sokoni unajua ni yeye. Kilikuwa kinatoka chini yangu kabisa. Wako pale na makarai yao, wanapiga hadithi."

Siku hiyo hakuna mzigo ulioshuka. Gari la madini lilisubiri, na Sibomana ndiye aliyemweleza dereva sababu.

Jioni Placidia alimpigia mumewe. Aristides alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisimamisha?" akauliza.

"Nilisimamisha."

"Mimi ningeanza kukagua waya," akasema. "Kweli, Mama Joyness. Na wakati nakagua wangeweza kunipita."

Alirudi kesho yake kwa gari la kwanza. Majirani wanasema alishuka barabarani hakwenda nyumbani, alipanda kilimani moja kwa moja akiwa na suti ya msibani, akaenda kukaa kwenye kigoda kando ya mkewe mpaka zamu ikaisha.

Ukingo wa kona sasa umejengwa kwa mawe. Kikundi kinachimba handaki la pili, na Placidia anataka nalo liwe na taa zake kabla toroli la kwanza halijashuka. Mitaro ya huko ameanza kuichora kwa ncha ya jembe.

Lakini mpango wake mkubwa ni wa baada ya mavuno ya kahawa. Katika miaka yote ya ndoa yake na mtu wa reli, Placidia hajawahi kupanda treni. Wamekubaliana wavuke ziwa hadi Mwanza, kisha washike treni hadi Tabora, Aristides amwonyeshe nyumba aliyokuwa akiishi na nguzo za taa alizokuwa akizikwea. Dafroza anajifunza swichi ili ashike nafasi yake kwa siku hizo, na kila akikosea Placidia humrudisha mwanzo bila kumwonea haya.

"Treni ikisimama porini nitashuka," anasema. "Nikaone taa inasema nini."

"Hairuhusiwi kushuka," anamwambia Aristides, akisukumia maganda ya ndizi kwenye ungo. "Itakuacha."

"Watanisubiri hao watu wa reli," anasema Placidia, akiinuka kwenda kupakua. "Mimi nimewasubiri zaidi."