Mwanzi wa Mwalimu Zakayo

Enzi zetu pale Elburgon, fimbo ya shule haikununuliwa. Tuliileta sisi wenyewe, wenye kuchapwa. Kila Jumatatu mwanafunzi mmoja alikuja na fimbo ya wiki nzima, na Mwalimu Zakayo aliijaribu kwanza kwenye kiganja cha aliyeileta. Ukileta kijiti chembamba, unarudishwa ukalete kinene, halafu unachapwa kwa vyote viwili. Wajukuu wangu wakisikia hivyo wanadhani natunga. Hawa ambao mwalimu akiwakunjia uso tu wanataka mzazi aitwe!

Baridi ya miaka ile ya hamsini siwezi kuieleza nikaaminika. Tulitembea pekupeku kwenye umande, kila mtoto na viazi viwili vya moto mfukoni, vya kupasha mikono njiani na kula wakati wa mapumziko. Darasa letu lilijengwa kwa mabanzi, yale maganda ya magogo yaliyotupwa na kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba. Lilinukia mti wa mtarakwa hadi harufu ikaingia kwenye nguo.

Rafiki yangu alikuwa Tabitha. Alfajiri, kabla ya shule, yeye na mama yake walichuma pareto kwenye shamba la mzungu, kwa hiyo kila siku alichelewa, na kila siku alichapwa viganja. Mikono ikafura. Pareto ni maua madogo, huwezi kuyachuma kwa vidole vilivyovimba. Siku moja mama yake alinisimamisha njiani, akaniambia, wala hakuwa na hasira: "Mwambie mwalimu wenu, mikono hii ikirudi tena imefura, Tabitha atabaki huku shambani na mimi." Mimi nimwambie Mwalimu Zakayo? Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake tulikuwa tunaomba ruhusa!

Lakini Jumatatu iliyofuata, zamu ya fimbo ilikuwa yangu.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda nyuma ya kiwanda, kulikokuwa na mianzi ya kujengea ua. Baba alikuwa na mazoea ya kupasua mwanzi kwa kisu na kuupiga piga kufukuza nyani kwenye viazi, maana mwanzi uliopasuliwa kelele zake ni nyingi kuliko maumivu yake. Nikachukua kisu chake, nikapasua mmoja kutoka nchani hadi katikati, ule ufa nikaupaka tope usionekane.

Asubuhi nilinyoosha kiganja. Paa! Kuku wa mwalimu wakatawanyika uwanjani. Uchungu? Hata mbu angefanya kazi kubwa zaidi. Nikapiga yowe la kufa mtu. Mwalimu akautazama mwanzi, akanitazama mimi, akasema huu utafaa muhula mzima.

Tabitha alipoingia, amechelewa kama kawaida, nilifumba macho. Paa! Kufumbua, naona ananitazama mimi, mdomo wazi. Nikamkazia macho mpaka akakumbuka kulia. Wengine nao wakajua mmoja mmoja, kila mtu siku yake, na hakuna aliyefungua mdomo. Ezekieli, mtundu kuliko sisi sote, alijigaragaza chini kwa kilio, kisha akasahau ni mkono gani umechapwa, akawa anaupuliza ule mwingine. Na muhula ule, niamini usiniamini, ndipo tulipoelewa hesabu za kugawanya. Tulikuwa tumeacha kutetemeka.

Siku ya kufunga shule Mwalimu aliniita peke yangu. Mwanzi ulikuwa juu ya meza, umechakaa, ufa uko wazi. Nikajua leo ni leo. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Muhula ujao utaleta mwingine kama huu. Na tope usipake, linanichafulia shati."

Siku hizi fimbo imekatazwa shuleni, na wazee wenzangu hawaishi kulalamika. Mimi nasema wazi, kukatazwa kwenyewe kulichelewa, maana nilimwona Tabitha akishindwa kushika kiazi chake mwenyewe. Alimaliza shule, akawa mkunga, na kwa mikono ile aliwapokea watoto wote wanne wa Ezekieli. Natamani ile baridi, na viazi, na harufu ya mtarakwa ambayo watoto wa leo hawaijui. Hata umoja wetu wa kunyamaza nautamani, kwa maana hawa siri yao haifiki saa sita mchana bila kuzunguka kwenye simu. Fimbo sijawahi kuitamani.

Juzi, baada ya ibada, Ezekieli, mvi tupu kichwani, alikuwa anawahubiria wajukuu wake kwenye chai. Eti sisi tulichapwa barabara, ndiyo maana tukawa watu. Nikamuuliza mbele yao awaonyeshe mkono uliokuwa ukichapwa. Akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto, kisha akaniinamia sikioni.

"Mama Njoki," akasema, "kunywa chai yako."