Salamu za Njia ya Mkonze

Enzi za Mjerumani, nilipopata kazi ya kupakia ngozi na samli kwenye mabehewa pale stesheni ya Dodoma, kila mtu Mkonze alijifanya mshauri wangu. Kaka yangu alisema nihamie mjini, nilale na wenzangu mtaa wa Kikuyu karibu na stesheni, kazi iwe pua na mdomo. Mama alisema nikihama nitarudi mifupa. Mimi nikajiona mjanja, nikakaa mlangoni nikayapima yote mawili. Mjini kulikuwa na chumba kimoja, wanaume tele, kunguni tele zaidi, na maji ya kununua. Nyumbani maziwa bure, mlenda bure, na kelele za mama bure. Gharama ya nyumbani ilikuwa miguu, na miguu ninayo. Nikaamua nitatembea, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Nilikuwa nimeposa, na bado ng'ombe kadhaa wa mahari hawajatimia. Bila mshahara hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna mke. Nami yule binti nilimpenda, acha nisiwafiche. Hata kutembea kulinifurahisha kwa sababu tembe la baba yake lilikuwa kando ya njia ya mjini.

Kumbe ndipo balaa lilipokuwa limenikalia. Katika mahesabu yangu yote nilisahau salamu.

Kwetu Ugogo husalimii mtu huku unapita kama unayefukuzwa. Unasema "Mbukwa", unasimama, unaulizwa umelalaje, mama kalalaje, ng'ombe wamelalaje, mtama unasemaje, kisha nawe unauliza hayo hayo. Njia ile ilikuwa na matembe kila hatua, na kila tembe lina mzee anayeota jua la asubuhi. Lakini bingwa wao alikuwa baba wa mchumba wangu. Yule mzee, loo! Aliuliza habari za ng'ombe wetu mmoja mmoja. Nikidhani tumemaliza, alikohoa, akasema, "Na wale ndama?"

Stesheni walikuwa wakigonga kipande cha reli kilichoning'inizwa, na reli ikishalia haina cha ndama. Ukichelewa, mnyapara hakuwekei alama kwenye karata yako ya kazi, na siku hiyo umeshinda bure. Nilichelewa mara ya kwanza, akanitazama tu. Nilichelewa tena, akaniambia, "Kijana, ukirudia, usije. Watu wanaoitaka nafasi yako wamejaa."

Rafiki yangu mmoja tuliyepakia naye ngozi akaniambia pale chumbani kwao Kikuyu kuna nafasi ya mkeka mmoja. Nikamwambia aniwekee hadi mwezi uishe. Kwa wakati ule nikabuni njia nyingine: nikaacha barabara, nikawa napita korongoni na kwenye vichaka vya miiba, huko nyuma ya matembe. Nilifika stesheni nimechanwachanwa kama niliyepigana na paka, lakini nilifika mapema, na mnyapara akaanza kunisifu. Nikatamba kweli kweli.

Utamu ule haukudumu. Jioni moja mchumba wangu alinikuta kisimani. Hakunisalimu. Akasema, "Baba anasema umeanza kutukimbia. Kama hutuhitaji, sema. Usipite vichakani kama fisi."

Moyo ulinipasuka. Nikajaribu kumweleza habari za reli na mnyapara, akajitwika mtungi wake akaenda zake. Usiku mzima niligaagaa.

Asubuhi nikafuata njia kubwa. Mzee alikuwa nje, kajifunga shuka lake, akanipokea kama vile sijawahi kupotea. Tukaanza. Nilijibu ya mama, nikajibu ya kaka, huku jua linapanda, na mimi shingo haitulii.

"Mbona unatazama jua hivyo?" akauliza.

Nikamwaga yote, hata habari za mkeka wa Kikuyu. Nikamwambia nikichelewa leo kazi imekwisha, na kazi ikiisha ng'ombe wake nao wameisha. Mzee akachukua fimbo yake. "Twende," akasema. "Tutasalimiana njiani."

Nikashukuru Mungu kabla ya wakati. Mzee yule alikuwa hajapita njia ile siku nyingi, basi alisimama kila tembe! Watu walifurahi kumwona, wakamletea kigoda, wakamletea togwa. Mimi nilikuwa nusura nilie. Reli ikalia tukiwa bado Kikuyu.

Mnyapara alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, sauti ya kupasua mwamba. Alipotuona akafungua kinywa anifukuze, lakini mzee akamwahi. Kiswahili hakukijua, ikabidi mimi nitafsiri.

"Anakuamkia, bwana mnyapara. Anauliza umelalaje."

Mnyapara akafunga kinywa. Kumkatiza mzee mwenye mvi kulimshinda. Naye alilelewa na watu. "Mwambie shikamoo. Nimelala salama."

"Anauliza mama yako hajambo?"

"Mwambie yuko mbali, huko pwani. Sijui."

"Anauliza ng'ombe wako wamelalaje."

"Mwambie sina ng'ombe."

Nilipotafsiri hilo, mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. "Masikini! Walikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mwambie sikuwa nao kamwe!"

Mzee akamtazama mnyapara toka kilemba hadi viatu, akanigeukia. "Kwa hiyo huyu ndiye unayemwogopa?"

Hilo sikulitafsiri. Nilisema, "Anakupa pole." Lakini wapakiaji wenzangu waliojua Kigogo walikuwa wameshaanguka chini kwa kicheko, na mnyapara, asijue wanacheka nini, akacheka nao. Mzee akaongeza kwamba siku ya harusi yangu aje, atampa mbuzi jike wa kuanzia. Hilo nilitafsiri vizuri sana. Mnyapara akachukua karata yangu akatia alama. "Ingia kazini," akasema, "kabla hajaniuliza mashamba."

Mzee alikaa kivulini kwenye ghala kutwa, akitutazama. Jioni tukarudi pamoja.

"Asubuhi upite," alisema njiani. "Nipungie mkono tu, nitakuona. Jioni ndiyo yangu. Lakini kule Kikuyu usihamie. Nimekaa na watu wa huko pale ghalani toka asubuhi, na katika watu wote wale sikumwona aliyemuuliza mwenzake amelalaje. Binti yangu simpeleki huko."

Nikamwambia rafiki yangu mkeka ule ampe mwingine. Harusi ikafanyika, mnyapara akaja na kanzu yake, akaondoka na mbuzi akimburura, watu hoi kwa vicheko. Nikajenga tembe langu Mkonze, nikaendelea na safari zangu, asubuhi mkono juu kwa wazee wa kila tembe, jioni ndama mmoja mmoja.

Masika yaliyofuata homa iliniangusha. Usiku kucha nilitetemeka, na kulipokucha sikuweza hata kukaa. Baadaye rafiki yangu alinisimulia kwamba stesheni niliitwa mstarini, sikuitika, wakamwita anayefuata. Lakini Mkonze, kabla jua halijakausha umande, mlango wangu ulikuwa umejaa watu. Wazee wa njia nzima walikuwa wamekuja kuuliza mkono wa leo uko wapi. Mkwe wangu alikuwa mbele, anahema, maana alikuwa amekimbia.