Mahindi ambayo Verediana hataki kuyavuna

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeufunika Mlima Hanang, na Verediana Amsi anawarushia mawe tumbili. Amejifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi. Mbele yake, kando ya barabara, imesimama mistari mitano ya mahindi yaliyokauka tangu Julai.

Sasa ni mwisho wa Septemba. Mahindi mengine yameshatobolewa na wadudu aina ya dumuzi. Mengine yameliwa na hao tumbili. Sehemu yote iliyobaki ya shamba, eka nne, ilivunwa zamani, na ng'ombe wa jirani yake wamejaa humo wakitafuna mabua.

Kati ya ng'ombe na mistari ile mitano amesimama mwenye ng'ombe, mzee Gidahosh, Mbarabaig mwenye fimbo ndefu na maneno machache. Ng'ombe wake akinyoosha shingo kuelekea mahindi, anampiga puani. Anafanya hivyo kutwa nzima, mfugaji akilinda mazao ya mkulima.

Sisi waandishi wa habari huwa tunafika huku wakulima na wafugaji wakishapigana. Safari hii hawakupigana, ndiyo maana hakuna mwingine aliyekuja.

"Shikamoo mama," mwandishi anamwamkia Verediana.

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kama nina akili timamu?" anajibu, kisha anacheka. "Wengi wameshauliza."

Verediana, mwenye umri wa miaka 58, ni mkulima wa Kiiraqw katika kijiji kimoja upande wa Gendabi, wilayani Hanang. Aliolewa hapa akitokea Dongobesh, na shamba hili aliachiwa na marehemu mume wake, Agustino. Pamoja na shamba aliachiwa ujirani.

Ujirani wenyewe uko hivi. Mkulima akimaliza kuvuna, anaondoa tawi la miiba lililoziba njia ya kuingilia shambani. Mfugaji akiona njia iko wazi, analeta ng'ombe. Wanakula mabua mchana, usiku wanalala humo humo kwenye zizi la miiba linalohamishwa kila baada ya siku chache, mpaka shamba lote limepata samadi. Hakuna anayemlipa mwenzake. Asubuhi maziwa kidogo yanaletwa kwa mwenye shamba, na mambo yanaishia hapo.

"Miaka ya tisini, ruzuku ya mbolea iliondolewa, na chama chetu cha ushirika kikafa," anasimulia Verediana. "Mfuko wa mbolea ukawa wa matajiri. Watu wakasema, Agustino atavuna nini? Agustino akasema, nina Gidahosh. Hawa ng'ombe ndio walisomesha watoto wangu."

Kwa miaka mingi shamba hilo lilimpa gunia arobaini na zaidi. Mwaka huu limempa ishirini na tatu. Mvua haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni ng'ombe.

Mwaka jana Verediana alikwenda Dongobesh kumzika dada yake, Lucia. Alikuwa ameshaondoa lile tawi la miiba, na Gidahosh alikuwa njiani na ng'ombe. Aliporudi kutoka msibani alikuta shamba limenyolewa. Mashine ya kufunga marobota ilikuwa imepita, na mabua yake yalikuwa kwenye lori yakienda mjini kulisha ng'ombe wa maziwa wa watu asiowajua.

"Nilifikiri ni wezi," anasema. "Nikaenda ofisini kuripoti. Wakaniambia, mama, ni sisi."

Ni wao kweli. Uongozi wa kijiji ulikuwa umempa mfanyabiashara mmoja zabuni ya kukusanya mabua yote kijijini. Mwenyekiti hakuona haya kumweleza mwandishi sababu.

"Wao wenyewe ndio wanaosema shamba likishavunwa ni la kila mtu," alisema. "Kama ni la kila mtu, maana yake ni la kijiji. Na kijiji kinahitaji mapato. Tunajenga ofisi."

Msomaji asome tena maneno hayo, taratibu. Watu wawili wasiosema lugha moja nyumbani wamegawana ardhi kwa hiari, bila polisi na bila semina, na ukarimu wao ndio umegeuzwa ushahidi kwamba mali si yao. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa tuliambiwa uongozi utasogea karibu na mwananchi. Umesogea kweli, hadi kwenye mabua.

Gidahosh alipoteza ng'ombe saba katika kiangazi hicho. Akiulizwa, anatazama mlima. "Walikuja mpaka hapa," anasema. "Wanajua hapa kuna chakula. Walisimama tu. Siku mbili wamesimama. Ng'ombe hajui zabuni."

Basi mwaka huu Verediana alisikiliza vizuri tangazo la ofisi liliposomwa. Lilisema mabua yatachukuliwa kwenye mashamba yaliyovunwa. Akarudi nyumbani, akavuna shamba lote, akabakiza mistari mitano.

Hiyo mistari si mapambo. Ni ugali wa wajukuu wake watatu, na kila siku inapungua. "Inaniuma," anasema waziwazi. "Nikisikia tumbili natoka mbio kama mwendawazimu. Lakini nikiyavuna haya, wanaingia kesho."

Hawakungoja kesho. Kabla ya saa nne trekta linafika, likivuta mashine. Mtendaji wa kijiji anateremka na mgambo wawili.

"Mama Verediana, tumekuja kuchukua mabua."

"Sijamaliza kuvuna."

"Mahindi yamekauka miezi miwili! Utamaliza lini?"

"Nikimaliza."

"Na hawa ng'ombe?"

"Wageni wangu. Shamba langu halijafunguliwa kwa mtu, nimewakaribisha mwenyewe. Kuna tangazo la kukataza wageni?"

Mtendaji anamtazama Gidahosh. Gidahosh anampiga ng'ombe wake puani. Mmoja wa mgambo anageuka pembeni kuficha kicheko.

Trekta linageuza. Lakini haliondoki kijijini. Linaingia shamba la pili, la Judica, mjane aliyevuna kila hindi alilokuwa nalo kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Ndani ya saa moja hakuna kilichobaki huko isipokuwa vumbi. Judica amekaa chini kwenye mpaka, mikono kichwani, na wanaume wazima waliotumwa na ofisi wanapita mbele yake bila hata kumwamkia. Mwandishi ameona mengi, lakini hilo lilimkasirisha mno.

Verediana anavuka mpaka na kukaa kando yake. Wanaongea Kiiraqw kwa muda. Kisha anamwita Gidahosh, naye anasikiliza, anatikisa kichwa kukubali, na kwenda kung'oa miiba ya zizi lake.

Mpango wao ni huu. Ng'ombe wataendelea kula kwa Verediana mchana. Lakini usiku watalala kwa Judica, kwenye ardhi ile tupu, mpaka mvua za Novemba.

Verediana anajua hesabu yake. Samadi itakayokwenda kwa Judica haitarudi kwake, na pengine mwakani ghala lake nalo litapungua. "Nitapungukiwa, najua," anasema. "Lakini yeye akikosa kabisa, atakuja kula kwangu. Afadhali tulime wote." Mwakani, anasema, anataka kila nyumba ibakize mstari wake, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji atasimama kumuuliza mwenyekiti nani alilima.

Jua linapozama, Gidahosh anawaswaga ng'ombe kuvuka mpaka. Judica anasogeza tawi la miiba wapite. Ng'ombe wa kwanza anasimama katikati ya shamba tupu, anainua mkia, na kuacha mzigo wake.

Verediana anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mabua wamebeba," anasema. "Haya bado hawajayapatia mzabuni."