Baiskeli Isiyo na Keria

Siku ile marahaba haikuja, na usiku wake sikulala. Nilijigeuza kitandani nikijiuliza swali moja kwa sura nyingi. Mzee hakunisikia, au alinisikia akanyamaza? Upepo ulikuwa unatoka upande wake au upande wangu? Nilitamka "Shikamoo, baba" yote, au pumzi ilinikatikia njiani? Na kama ilikatika, ilikatikia wapi? Mtu aliye juu ya dungu shambani ukimpigia kelele ya "Shika!" na kupotea na baiskeli, anaweza kufikiri mengi.

Mzee huyo alikuwa baba wa binti niliyetaka kumuoa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Kibiti kungoja kazi. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza masomo wanapangiwa kazi na serikali, hata kama ni mkoa wa mwisho wa dunia. Sisi tuliambiwa mambo yamebadilika, kila mtu atafute mwenyewe. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Kibiti ambayo utotoni mwangu yaliuza chumvi na viberiti, na siku nyingine chumvi tu, sasa yalikuwa na sabuni za rangi tatu, redio za kaseti na viatu vya watu wa Ulaya waliovichoka. Kila kitu kilikuwa kinafika kwetu, isipokuwa barua ya kuniita kazini.

Baiskeli yangu nayo ilikuja na mitumba. Kaka yangu aliiona Dar es Salaam, akaipakia juu ya basi na kunitumia. Ilikuwa baiskeli ya mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, fremu nyepesi, giya tele. Mtu wa Ulaya aliyeichoka alikuwa ameifungia keria nyuma, keria nzuri ya chuma chembamba kinachong'aa. "Ya kuzungukia kutafuta kazi," kaka alituma ujumbe kwa dereva.

Mimi nikaifanya ya mbio. Nikafungua madigadi, nikafungua stendi, nikafungua kengele. Mwisho nikafungua keria, kwa hesabu kwamba kila chuma kinachopungua ni mwendo unaoongezeka. Fundi wa baiskeli pale sokoni alinitazama kama ananiona nang'oa bati za nyumba.

"Sasa utapakia wapi?"

"Sipakii."

"Hupakii? Mkaa hupakii, gunia hupakii, mke hupakii. Basi hiyo si baiskeli, bwana mdogo. Hiyo ni saa ya ukutani."

Keria nikaitupa uani. Mama aliiokota, akaipiga steel wool, akaiweka juu ya mafiga, na tangu siku hiyo samaki wetu wote wakachomwa juu ya keria ya baiskeli ya mbio. Akaisifu kwa majirani. Alisema elimu ya mwanawe imeanza kuleta faida.

Njia yangu ilikuwa barabara kuu ya kusini, Kibiti mpaka Ikwiriri na kurudi. Niliondoka baada ya sala ya alfajiri, umande ukiwa bado umeshika mikorosho, na barabara yote ikiwa yangu na ya ngedere. Mahali pengine ilikuwa changarawe, mahali pengine mchanga wa kukukamata tairi kama mkono wa mtu, na palikuwa na vipande vilivyoshindiliwa vizuri ambapo tairi iliimba. Kabla ya Ikwiriri barabara inafika ukingoni mwa mwinuko na ghafla unaliona bonde. Wakati wa masika maji ya Rufiji yanakuwa yametandaa mbali, yanametameta katikati ya mpunga, na moshi wa majiko umelala juu yake hauendi popote. Nilizaliwa karibu na bonde hilo, lakini sijui kama nilikuwa nimelitazama kabla sijawa na baiskeli.

Kisha mteremko. Kisha kugeuza na kuupanda ule ule, na huo ndio uliokuwa mtihani wangu.

Nilishindana na basi. Basi la kutoka Lindi lilikuwa likilala upande wa pili wa mto kungoja pantoni, na asubuhi likija kuupanda mlima wetu lilikuwa limechoka kuliko mimi. Lilipanda likinguruma, limeegemea upande mmoja, utingo ananing'inia mlangoni. Lengo langu lilikuwa nifike juu kabla yake. Nikilisikia linabadilisha giya huku chini, nilisimama juu ya pedeli na kusukuma mpaka magoti yakalia. Abiria walikuwa wananijua. Waliowahi kuniona safari nyingine waliwaeleza wageni.

"Msomi huyo!" utingo alipiga kelele. "Msomi, kanyaga! Digrii haipandi mlima!"

"Mwacheni mtoto wa watu," mama mmoja alijibu dirishani. "Mwanangu, kaza, tukupishe!"

Sikuwahi kulishinda. Mara zote lilinipita pale penye mchanga, karibu kabisa na juu, likaniachia vumbi na vicheko. Nilirudi nyumbani nikichora kichwani ni wapi nilipoteza pumzi na nipitie upande gani wa barabara kesho.

Chini ya mlima, kando ya barabara, ndipo lilipokuwa shamba la mpunga la yule mzee. Alikuwa mtu wa milima ya Umatumbi aliyehamia bondeni zamani, na msimu wa mpunga kukomaa alishinda juu ya dungu lake akiamia ndege. Dungu lilikuwa refu, la miti, na kamba zilitoka kwake kwenda kila pembe ya shamba zikiwa na makopo. Akivuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka. Kutoka juu pale aliona barabara yote, kuanzia juu ya mlima mpaka nyumba za kwanza za Ikwiriri. Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi alipita chini ya dungu akienda kazini, amebeba madaftari ya wanafunzi, na mara nyingi, kwa mipango ambayo nilijifanya si mipango, tulikutana hapo. Tulijuana tangu sekondari. Hakuna aliyedanganyika kwamba nilikwenda Ikwiriri kila siku kwa ajili ya mapafu.

Kwa hiyo kila asubuhi nikishuka nilipaza sauti: "Shikamoo, baba!" Na kutoka juu ilirudi: "Marahaba!" ndefu, ikifuatiwa na makopo. Mambo yetu yote yalikuwa katika maneno hayo mawili. Binti aliniambia baba yake alikuwa akinisikia mimi ndipo anajua chai imechelewa.

Halafu ikaja asubuhi ya kimya. Nilisalimia, makopo yakalia, marahaba haikuja.

Siku ya pili nikapunguza mwendo, nikasalimia kwa sauti ya mwadhini. Makopo tu. Mbele kidogo nikamkuta binti yake. Nikamuuliza kama baba yake anaumwa masikio.

"Haumwi popote."

"Nimemkosea?"

Alihamisha madaftari mkono wa pili. "Kuna watu walikuja nyumbani."

"Watu gani?"

"Wa Nyamisati. Yule anayenunua kamba wa baharini, mwenye pikapu. Wazee wake walikuja kwa adabu, wakakaa, wakasema shida yao. Baba amewaambia wasubiri mpunga uvunwe, atawajibu."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimeulizwa kama kuna mwingine anayekuja." Akanitazama, kisha akaitazama baiskeli. "Nikasema kuna anayepita."

Akaenda zake. Basi lilinipita siku hiyo kabla hata sijaufikia mlima, na utingo hakupata hata la kusema, jinsi nilivyokuwa nikijikokota.

Niseme kwa nini nilikuwa sijatuma watu. Sababu yangu ilikuwa safi na nilikuwa nimeisuka kwa miezi. Kijana asiye na kazi anatumaje posa? Mjomba wangu, ambaye kwa desturi ndiye angeniwakilisha, angeulizwa, "Kijana wenu anafanya nini?" na yeye angejibu nini? Anafukuzana na basi? Basi nilijiambia ningoje barua ya kazi. Na barua ikija, ningoje mshahara wa kwanza. Na mshahara ukija, nitengeneze kwanza nyumba. Nilipanga mambo haya kwa zamu, na kila moja lilikuwa na busara yake, na yote kwa pamoja yalinibakiza barabarani. Sasa mpunga ulikuwa umeinama. Ungevunwa muda si mrefu.

Asubuhi iliyofuata nilifika chini ya dungu nikakanyaga ardhi. Nikaegemeza baiskeli kwenye mguu wa dungu, kwa kuwa stendi sikuwa nayo, nikasalimia nikiwa nimevua kofia.

"Marahaba," mzee alisema, papo hapo, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Baba, juzi na jana ulinisikia?"

"Nakusikia tangu juu ya mlima. Hilo koo lako linanifukuzia ndege kuliko makopo yangu."

"Hukuitikia."

"Nimechoka kumwitikia mtu mgongo. Naitikia, marahaba inafika barabarani, mwenyewe yuko Ikwiriri. Nyinyi Wandengereko mnawahi wapi?" Akavuta kamba, upande wa mbali wa shamba wingu la ndege likainuka. "Hebu niambie. Lile basi unalolifukuza, limebeba nini?"

"Abiria, baba."

"Na mizigo. Na barua. Na kuku wa watu. Na linapanda." Aliinama kunitazama kati ya miti ya dungu, akaangalia nyuma ya kiti cha baiskeli, pale palipokuwa patupu. "Wewe umembeba nani?"

Nilitaka kumweleza habari ya uzito na mwendo, ikanipotea mdomoni.

"Nenda," alisema. "Chai yangu inapoa."

Nilipanda mlima kwa miguu, nikiburuta baiskeli. Kwa kawaida kauli kama hiyo ingenichukua wiki nzima. Ningeigeuza: amenifukuza, au ameniita? Ametukana baiskeli, au mimi? Na kwa kweli nilianza kuigeuza, nikafika nayo mpaka kwenye mikorosho ya kwanza. Ila kila nilipoigeuza nilikuta ile nafasi tupu nyuma ya kiti, na mtu wa kukaa pale nilimjua. Nyumba yake ilikuwa jirani na yetu.

Mjomba alikuwa barazani kwake akijipepea, ingawa joto lilikuwa bado. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa kuombwa jambo ili apate kulikataa kwanza.

"Mjomba, nataka twende Ikwiriri ukanibishie hodi."

"Leo?"

"Leo."

"Huna kazi, mpwa wangu."

"Najua."

"Watauliza."

"Waambie sina kazi. Waambie ninaitafuta."

Nadhani alikuwa akingoja niongeze "lakini", maana sentensi zangu zote alizozijua zilikuwa nayo. Sikuongeza. Akaguna. "Gari la kwenda huko mpaka mchana. Tutakwendaje?"

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amepanga perege juu ya keria, upande mmoja umeshaiva.

"Mama, naomba keria yangu."

"Keria gani? Hii ni ya jikoni."

"Nampeleka mjomba Ikwiriri."

Mkono wake ukasimama na upawa hewani. Hakuuliza Ikwiriri kwa nani. Aliwaondoa samaki mmoja mmoja, akawaweka kwenye sinia wakiwa nusu wabichi, akaichukua keria kwa kitambaa na kuimwagia maji ikafoka mvuke. "Nilijua tu hii itaondoka," alisema, na akaingia ndani haraka kumtafutia kaka yake kofia iliyofuliwa.

Fundi aliifunga keria kwa nati mpya bila kusema neno, jambo lililomgharimu sana, nilimwona. Mjomba akakaa, kanzu ameikunja mapajani, miguu ameitanua, mkono mmoja kiunoni mwangu. Tairi zikabonyea. Tulitoka Kibiti polepole kuliko mtu anayetembea, tukiyumba, mjomba akisalimiana na kila tuliyempita na kumaliza salamu zake zote, habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, kabla hatujamwacha mtu nyuma.

"Mpwa wangu, mbona nanukia samaki?"

"Ni upepo wa Delta, mjomba."

"Upepo huu unatoka kwenye makalio yangu."

Penye mchanga tulishuka tukasukuma, kisha tukapanda tena. Juu ya mwinuko aliniomba nisimame kidogo alitazame bonde. Kisha akashika kofia na kusema Bismillahi, nikaachia mteremko na breki zote mbili zikilia.

Dungu lilikuwa tupu; mzee alikuwa ameshakwenda nyumbani, na mwanamke mmoja alikuwa akivuta kamba badala yake. Alitutazama tukipita, mimi nimejikunja juu ya pembe za kondoo na mjomba nyuma yangu amenyooka kama imamu, akacheka mpaka akasahau ndege. Nyumba ilikuwa hatua chache kutoka barabarani. Mjomba alishuka, akajikung'uta, akanusa mkono wa kanzu, akatikisa kichwa. Mimi kwa desturi sikutakiwa kusogea. Nikabaki pale nikiishikilia baiskeli isianguke.

Basi la pili la kutoka kusini likanikuta hapo, likipunguza mwendo kwa ajili ya mlima. Utingo alining'inia mlangoni, akaniona nimesimama, akaiona keria.

"Msomi! Leo hushindani?"

"Nimeleta abiria," nilimjibu, na nyuma yangu nikamsikia mjomba akibisha hodi.