Mgeni Mmoja wa Tovuti Yangu

Aibu hii niliishuhudia mwenyewe, tena nikiwa katikati yake. Sababu zake nilisimuliwa, na kwa kuwa sijawahi kuheshimu tetesi, sitayachanganya hayo mawili.

Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Kenya, nafundisha Kiswahili hapa Juba, na tangu mke wangu afariki, wanafunzi wa Jumamosi ndio pekee waliokuwa wakibisha mlango wangu mtaani Buluk. Walinipata mtandaoni: ukitafuta darasa la Kiswahili Juba, tovuti yangu ndiyo iliyotangulia. Kisha wakapungua, wakaisha (viti niliendelea kuvipanga). Achol, binti aliyekulia Nakuru na ambaye huketi nyuma yangu kanisani, akanieleza chanzo.

"Mwalimu, tovuti yako imeshuka. Kitambo hujaongeza kitu, kwa simu inafunguka polepole, na wenzako wanaandika kila wiki. Niruhusu niirekebishe."

"Nani amekuambia?"

"Si ni kitu inajulikana, Mzee!"

"Inajulikana" ni tetesi iliyovaa suti. Nilikataa, nikaamua kujihakikishia kwa macho yangu: kila asubuhi nilijitafuta kwa simu yangu, na kila asubuhi nilikuwa wa kwanza, na rekodi ya tovuti ilionyesha kwamba wageni wanaingia.

Jumapili moja baada ya ibada, pale kanisani mtaa wa Thongpiny, mwenyekiti wetu wa kanisa alitangaza kwamba wafanyakazi wapya wa mashirika ya misaada wanahitaji mwalimu wa Kiswahili, nami nikasimama (hakuna aliyenisimamisha) nikawaambia waumini wote watoe simu, watafute, wajionee nani anayetangulia.

Wakatoa. Vidole vikateleza.

"Mimi napata dada mmoja wa mtaa wa Malakia."

"Hata mimi."

"Ngojeni, nimempata Mwalimu! Ukurasa wa tano!"

Hapo ningeketi. Badala yake nikamwamuru aliyenipata apige namba iliyoandikwa. Akapiga, akaongeza sauti, na simu iliyokuwa mkononi mwangu ikabaki kimya (laini ile niliiacha miaka mingi iliyopita, nikasahau kwamba tovuti haijaambiwa).

"Munu?" sauti ya mwanamume ikauliza kwa Kiarabu cha Juba, yaani ni nani.

"Tunamtafuta mwalimu wa Kiswahili."

"Aa, mwalimu! Hapa iko makaa tu. Zamani watu ilikuwa napiga, nauliza yeye. Sasa hakuna mutu nauliza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilibaki na sentensi yake ya mwisho.

Nje, Achol alinieleza kwamba simu humzoea mwenyewe, hivyo yangu ilinitangulizia kile nilichozoea kukifungua, na kwamba wale wageni wote nilikuwa mimi. Sikuamini. Nikaacha kujitafuta kwa siku mbili, kisha nikasoma rekodi: siku zote mbili hakuingia mtu.

Nikampa ruhusa. Ameandika namba mpya, ameondoa yaliyochakaa, na kila wiki ananidai somo jipya, nami naliandika. Kujitafuta nimeapa sitarudia. Anasema tovuti itapanda tena. Hayo ni maneno yake.

Asubuhi hii aliniwekea rekodi mbele ya macho: jana aliingia mgeni mmoja. Achol anasema si yeye, na hilo siwezi kulithibitisha. Ninachoweza kukiapia ni kwamba sikuwa mimi.