Dawa ya Baridi ya Arvid Torkelson

Kaskazini mwa Minnesota baridi ilikuwa na mtaalamu wake, naye ni Arvid Torkelson. Miaka arobaini alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na hakuna basi lake lililogoma kuwaka asubuhi ya Januari. Majirani waliokimbilia joto la Arizona kila baridi ikianza aliwaita waoga, tena mbele yao, huku akinywa kahawa yao.

Mkewe, Lavonne, alisumbuliwa na baridi yabisi ya vidole. Arizona alikuwa na dada yake, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Arvid yeye akapandisha paneli za jua juu ya paa, zipashe maji ya nyumba.

"Maji ya moto utayapata hapahapa," akaapa. "Yakikosekana hata siku moja mwaka huu, baridi ijayo nafunga mizigo mwenyewe, twende Arizona."

"Nimekusikia, mume wangu. Vizuri sana nimekusikia."

Kazi ikabaki dawa ya kuzuia kuganda, maana maji matupu yangeganda na kupasua mabomba ya paneli. Ya magari aliikataa: ni sumu. Akaleta aina tatu zisizo na sumu, akazimimina vikombeni na kuvipanga barazani. Januari nzima anatoka na kofia ya manyoya, anakoroga kwa penseli, anaandika daftarini. Siku ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, vikombe viwili viligeuka uji. Cha tatu kilimiminika vilevile. Arvid nusura akibusu!

Dukani, Signe muuza mabomba akakunja uso. "Hii ni ya mabomba ya vibanda vya ziwani vinavyofungwa wakati wa baridi, Arvid. Baridi inaiweza, joto hailiwezi. Jua likipiga na maji hayatumiki, itaungua. Chukua ile pale."

"Joto? Ebo! Signe, umehamia lini hapa? Joto la nani?"

Foleni nzima ikacheka. Arvid akabeba madumu yake.

Februari na Machi maji yalitoka yakifuka mvuke. Lavonne aliosha vyombo, akasifu, akahuzunika kimyakimya.

Julai wakaenda kwenye kibanda chao cha ziwani wiki mbili, kama kila mwaka. Kabla ya kuondoka Arvid alifunga maji na kuzima umeme wote, pamoja na pampu iliyozungusha dawa kwenye paneli, isije ikachoka bure. Huku nyuma jua likawaka siku kumi na nne, wingu hakuna.

Waliporudi na kuwasha kila kitu, bomba la maji ya moto lilitoa maji baridi. Arvid alishuka chini ya nyumba, akafungua valvu ya paneli. Ukatoka uji mweusi, unanuka sukari iliyoungua. Pampu ilikuwa imeziba kabisa.

Lavonne alisimama ngazini na taulo begani. "Imeganda?" akauliza, kwa upole uliopita kiasi.

"Haikuganda!" Arvid akafoka. "Hata siku moja haikuganda!"

"Hongera, basi."

Akapanda juu. Arvid akasikia kabati likifunguliwa, kisha sanduku likiburutwa sakafuni.

"Una kaptula ngapi, mume wangu?"

Arvid hakuwa na hata moja.